Majina Manne, Mwandiko Mmoja

Karatasi za mahojiano zilikuwa thelathini na mbili, na zote ziliandikwa kwa mwandiko mmoja. Mwandiko wa duara, uliolalia kulia kidogo, wa mtu aliyefunzwa kuandika na mzazi mkali. Nikarudi kwenye jalada la ripoti. Majina yalikuwa manne.

Nafundisha maendeleo ya jamii katika chuo kidogo huku Changamwe, upande wa Airport, ambako ndege ikipita mwalimu hunyamaza katikati ya sentensi na wanafunzi huimalizia wenyewe, mara nyingi vibaya. Kila muhula wa pili huwapa kazi ya kikundi. Wachague mtaa, waulize watu jambo moja linalogusa maisha yao ya kila siku, kisha waandike walichokikuta. Kikundi hiki kilichagua kichochoro kimoja cha Mtopanga, kule Kisauni, na swali lao lilikuwa la maji: watu wanapata wapi ya kunywa, na wanayawekaje nyumbani.

Wacha niwajulishe hao wanne, maana hawatazidi hapo. Wa kwanza ni binti wa Likoni, mwenye ule mwandiko, mtu wa kufika darasani kabla ya chaki. Wa pili ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Mtopanga kwenyewe, aliyerudi kusoma baada ya miaka mingi ya kuuza nguo za mitumba. Wa tatu ni kijana aliyetoka bara, babake dereva wa malori ya bandarini. Kiswahili chake ni kile cha Nairobi, cha mbio mbio, na darasa humcheka kabla hajafika kituo. Wa nne ni jamaa mmoja mcheshi anayefanya kibarua kwenye bohari, na sijawahi kukutana na mtu asiyempenda.

Walimu wenzangu humwita mwanafunzi anayepata alama kwa jasho la wenzake "abiria". Kila kikundi kina abiria wake, husema, na wakishasema hivyo hurudi kwenye chai yao. Mimi jambo hili limenishughulisha akili kwa miaka. Watu hawa hawa, pakitokea msiba mtaani, hakuna anayepangiwa la kufanya. Huyu atachota maji, yule atamenya vitunguu, mwingine atatandika mikeka, na asiyeshika kitu hujiona mwenyewe kuwa hakushika kitu. Kwa nini basi wakipewa karatasi na kalamu wanasahau? Na swali lililonisumbua zaidi: kwa nini yule anayebeba mzigo wote hasemi?

Muhula ule nikafikiri nimepata dawa. Nilitunga fomu ya siri. Kila mwanakikundi angewatia wenzake alama, moja hadi kumi, na kujitia yeye mwenyewe, kisha angeikunja fomu na kunipa mkononi. Fomu hizo zingempandisha mtu au kumshusha kutoka kwenye alama ya ripoti. Niliamini kwamba neno linalokwama kinywani litatoka kwenye kalamu. Nilijivunia fomu ile kwa wiki tatu nzima.

Nilipozikunjua za kikundi cha Mtopanga, nilikuta kumi, kumi, kumi. Kila mtu alimpa kila mwenzake kumi. Tofauti ilikuwa kwenye mstari wa mwisho tu, ule wa kujitia alama mwenyewe. Binti wa Likoni alijipa sita. Yule mama wa Mtopanga alijipa tano. Jamaa wa bohari alijipa kumi, na pembeni akachora uso unaocheka. Kijana wa bara aliuacha mstari wake mtupu.

Nikapiga hesabu, nikairudia, sikuamini. Ripoti yao ilipata sabini na mbili. Kwa fomu zangu, jamaa wa bohari alipanda hadi sabini na tano. Binti mwenye mwandiko alishuka hadi sitini na nane.

Sasa lazima nieleze kwa nini alama hizo mbili za kupungukia sabini ziliniondolea usingizi. Kulikuwa na shirika moja la maji lililokuwa linachukua wanafunzi wawili kutoka chuoni kwetu kwa mafunzo ya kazini, miezi sita, na walitaka mtu mwenye sabini au zaidi katika kazi hii hii ya mtaani, pamoja na nakala ya ripoti yenyewe. Binti alikuwa ameshaandika barua ya kuomba. Aliniletea nimsahihishie, na sikuona pa kusahihisha. Alama zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikamwita ofisini.

"Abee, mwalimu."

"Kaa, mwanangu. Hii sita umeitoa wapi?"

Akaangalia fomu yake, akaangalia dirisha. "Ni alama yangu."

"Karatasi thelathini na mbili ni mwandiko wako. Ripoti nzima nasikia sauti yako. Halafu unajipa sita?"

"Sasa nijipe kumi, mwalimu? Mtu anajipa kumi mwenyewe?"

"Na hawa wengine je? Huyu wa bohari umempa kumi kwa kazi gani?"

"Anakuja na mahamri."

Nilidhani anafanya mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha.

"Kila tukikutana anakuja na mahamri na chai kwenye thamosi. Nile mahamri yake halafu nimwandikie sifuri kwa siri? Haki ya Mungu siwezi. Tutaangaliana vipi?"

Nikamwambia habari ya sitini na nane. Akaishikanisha mikono mapajani. Kisha akasema polepole, "Kizuri chajiuza, mwalimu."

"Chajiuza kikionekana. Chako umekifunika."

Nilimpa fomu mpya, nikamwambia ajaze upya hapo hapo, hakuna atakayejua. Akaisukuma kwa kidole kimoja hadi upande wangu wa meza, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani asiyotaka kuongezwa.

Nikaenda kwa mkuu wa idara, mzee wa taratibu, mtu mwema asiyependa mambo ya dharura. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, hiyo kanuni ni yako," akasema. "Ukimbadilishia mmoja, utaambiwa unampendelea. Na huenda ikawa kweli."

"Kanuni imeniangusha. Nilitaka kumkamata mvivu, nimemkamata mwenye haya."

Akacheka. Akafungua mwongozo wa mitihani, akanionyesha kifungu: mwalimu anaweza kuweka mtihani wa mdomo badala ya tathmini ya wanafunzi wenyewe, ikiwa kikundi kizima kitafanya. "Kizima," akakazia. "Na uwe umemaliza kufikia Alhamisi."

Nilikuwa na siku tatu. Kuwaweka ofisini mmoja mmoja na kuwauliza nani alifanya nini kungeniletea zile kumi kumi tena, mara hii kwa mdomo. Hapo nikakumbuka kitu ambacho ripoti yao haikuwa nacho, na kusema kweli hakuna ripoti ya mwanafunzi wangu yeyote iliyowahi kuwa nacho. Waligonga milango ya watu, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kuwaambia wenyeji walichokikuta. Huku kwetu ukimuuliza mtu swali na yeye akakujibu, kuna deni la heshima limebaki. Mimi mwenyewe, mtoto wa wazazi walioshuka kutoka bara ya Kilifi na kufunzwa hayo tangu udogoni, nilikuwa sijawahi kuwafunza.

Nikawaambia bila kuficha. "Jumatano tunarudi Mtopanga kuwapa watu majibu yao. Kila mmoja wenu ataeleza nyumba mbili, nyumba nitachagua mimi. Nitakuwa nasikiliza na kutia alama. Fomu zimekufa."

"Ziwekwe pema," akasema jamaa wa bohari. Walicheka wote isipokuwa kijana wa bara.

Jumatano saa tisa tulikuwa kichochoroni. Jamaa wa bohari alikuja na bakuli lake la mahamri limefungwa kwa kitambaa. Mama wa Mtopanga alitangulia, na kabla hajabisha mlango wa kwanza ulikuwa umeshafunguka. Alisalimiana na mwenye nyumba kwa Kigiriama, salamu ndefu iliyopita kwa watoto, kwa mgonjwa, kwa shamba la nyumbani, ndipo ikafika kwetu. Akaeleza matokeo akiwa ameketi kwenye kibao, bila karatasi, kama anayesimulia habari ya jirani. Nikaanza kuelewa. Mwandiko ulikuwa wa binti, lakini milango yote thelathini na miwili ilifunguliwa na mwanamke huyu. Alikuwa anauliza, mwenzake anaandika. Mwandiko mmoja ulikuwa umebeba kazi ya watu wawili, nami nilikuwa nimeusoma kama wa mtu mmoja.

Nyumba ya tatu nilimpa jamaa wa bohari. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye leso mbili, alimtazama juu hadi chini.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni wa kikundi, mama."

"Kikundi kilokuja hapa nakijua. Ni huyu na huyu." Akawaonyesha wale wanawake wawili. Kisha akamnyooshea kidole kijana wa bara. "Na huyu nilimuona pale kwa wasukuma mikokoteni ya maji, siku mbili, nikadhani atafuta kibarua. Wewe hata kivuli chako sikijui."

"Mimi, mama, niko upande wa vitafunio."

Watu wa nyumba ile walicheka hadi mtoto akaamka. Na yeye akacheka nao, akafungua bakuli, akawagawia. Tulipotoka nje akanisogelea. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Mwalimu, niandikie ulichokiona. Mahamri ni yangu, kazi si yangu. Nilidhani kila mtu ana mchango wake, kama arusini. Asiyepika ataleta sukari."

"Ulidhani, au ulijua ukanyamaza?"

Akakuna shingo. "Mwanzo nilidhani. Baadaye nilijua."

Nilipenda jibu lile. Halikumwongezea alama, lakini nililipenda, nikamwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba kazi hii atairudia muhula ujao kwa kikundi kingine na kwa mtaa mwingine. Akaitikia.

Nyumba ya mwisho ya binti ilikuwa ya bibi mmoja anayeishi na wajukuu. Binti alieleza vizuri sana. Alisema walichokikuta ni kwamba nyumba nyingi huweka maji kwenye mapipa yaliyo wazi, na ushauri wao ni kuyafunika na kutumia kata yenye mpini mrefu, mkono usiguse maji. Bibi alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima. Kisha akasimama, akamshika mkono, akamwingiza hadi uani.

"Tazama."

Pipa lilikuwa limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao kitambaa safi, na juu ya kitambaa kata ya mpini mrefu.

"Nafunika mimi, mjukuu wangu. Wote siku hizi twafunika, mlivyotuuliza tu ndipo tulipoanza kuoneana haya. Na bado watoto wauma matumbo. Maji yaja machafu toka mtungini. Hilo hamkuuliza."

Binti aliliangalia faili lake. Katika karatasi thelathini na mbili hapakuwa na swali hata moja juu ya mikokoteni inayowauzia maji. Nikamwona akimtupia jicho kijana wa bara, jicho la haraka, la mtu anayeogopa kitu. Na kijana akasema:

"Ni hivyo vifuniko, shosho."

Mmoja wa wajukuu akacheka kusikia bibi yake akiitwa "shosho". Bibi akamkemea kwa mkono.

"Wale watu wa mikokoteni, mitungi zao vifuniko zimepotea kitambo. Wanaziba na karatasi ya nailoni. Ikianguka chini anaiokota, anarudisha. Nilikaa na wao siku mbili. Na mfereji ikikauka wanaenda kuchota kwa kisima, huko nyuma, ile ya chumvi, wanachanganya. Hawakwambii, juu ukijua hutanunua. Mimi waliniambia juu wengi wao ni wa kwetu."

"Sema tena hilo la kisima," bibi akasema, akakaa chini.

Akasema tena. Majirani wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na mmoja akauliza ni mikokoteni ipi, na mwingine akauliza kama kifuniko kinauzwa peke yake. Alijibu yote. Ulimi wake ulikuwa ule ule uliokuwa ukichekwa darasani, mbio mbio, na hakuna aliyecheka.

Tukiwa njiani kurudi, binti akabaki nyuma pamoja nami. "Mwalimu, nina neno." Akafungua faili lake, akatoa kutoka mfuko wa nyuma kabisa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa kukimbia, wenye michoro ya mitungi pembeni.

"Alituletea hii wiki ya pili. Nikaikata. Nilimwambia hakuna nafasi."

"Kwa nini?"

"Kiswahili chake, mwalimu. 'Maji hiyo', 'mitungi zao'. Wewe kwenye maelekezo umeandika lugha sanifu alama ishirini. Nikaona nikiitia itatuangusha, na nikianza kuisahihisha nitaandika yote upya. Baada ya hapo hakuleta kitu tena, na mimi nikasema, basi, mvivu." Akapumua. "Sikuitupa. Kuitupa niliona haya."

"Unajua ningeweza kuondoka hapa leo bila kuijua karatasi hii?"

"Najua."

"Na unajua itakupunguzia?"

"Najua, mwalimu. Nimemaliza kujua tangu kwa bibi."

Nilitembea naye hadi barabarani. Ningependa kusema kwamba nilikuwa nafikiria alama zake. Nilikuwa nafikiria zile ishirini, nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikijivunia Kiswahili cha pwani kana kwamba nilikizaa mimi. Nilitaka ripoti safi. Nikapata ripoti safi iliyowaambia watu waliofunika mapipa yao wayafunike.

Kijana wa bara nilimngojea kesho yake baada ya kipindi.

"Kwa nini hukuja kwangu karatasi yako ilipokatwa?"

"Ningekuambia nini, mwalimu? Ati Kiswahili yangu imekataliwa? Hata wewe hucheka."

Nilitaka kukanusha. Kisha nikakumbuka kwamba ni kweli, huwa natabasamu, na kwa mwanafunzi tabasamu la mwalimu ni ruhusa kwa darasa zima.

"Umesema kweli. Nisamehe. Na ule mstari mtupu kwenye fomu?"

"Nikijipa kumi ni uongo, nilikaa nyuma wiki nne. Nikijipa sifuri pia ni uongo. Sasa?"

Nilimwambia jibu sina. Alionekana kushangaa kwamba mwalimu anaweza kusema hivyo, na akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza mbele yangu.

Alhamisi hiyo nilikaa na alama. Mama wa Mtopanga alinipa kazi rahisi, alipata sabini na sita, na alipoambiwa aliuliza mara mbili kama sijakosea karatasi. Jamaa wa bohari alipata alichokiomba. Kijana wa bara nilimpa sitini na tisa: alikuwa na jambo kubwa kuliko wote, lakini alilinyamazia hadi siku ya mwisho, na mwenyewe alikiri hivyo. Za binti nilizifanya mwisho. Nilimtia alama kwa kazi ya kuandika na kupanga, kwa maelezo yake nyumba mbili, kisha nikampunguzia kwa ajili ya ile karatasi. Nilizitoa kwanza, ndipo nikajumlisha, nisije nikazitoa kwa kuangalia sabini iko wapi.

Ijumaa asubuhi zilibandikwa ubaoni. Binti alifika wa kwanza, kama kawaida. Alitafuta mstari wake kwa kidole, akakiacha kidole pale, kisha akakishusha hadi mstari wa kijana wa bara.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Yake iko chini ya yangu."

"Iko pale alipoifikisha mwenyewe."

"Na mimi niliyemkatia karatasi yake?"

"Ilikukata alama mbili."

Akahesabu kwa midomo. Ubaoni alikuwa na sabini na moja.

"Basi nilikuwa na sabini na tatu."

"Ulikuwa nazo."

Akacheka, akajifuta jicho kwa ncha ya leso, akauliza kama ripoti bado inaweza kuongezwa ukurasa kabla haijapelekwa kule kwenye shirika. Nikamwambia inaweza, hadi saa sita. Akatoka mbio kumtafuta kijana wa bara, na nikamsikia kwenye ngazi akimwita, akimwambia ukurasa wa mikokoteni aulete mwenyewe, auandike mwenyewe, kwa Kiswahili chake, na asichelewe, maana yeye hatamwandikia hata herufi moja.